Piteni Kijijini Kabla ya Kufika Majini

Wanangu wa Kabambare na wa Kasongo, habari za matembezi yenu zimenifikia. Nimeambiwa mnatafuta siku moja ya kiangazi muondoke alfajiri, mkayaone maporomoko ya vijito vinavyoshuka vilimani kuingia mto Luama, mle chakula katika vijiji vya kando ya mto, mpige picha, mrudi jioni. Nimefurahi sana. Kizazi chenu kimeijua nchi hii zaidi kwa kuikimbia kuliko kwa kuitembea. Wapo kati yenu waliopita njia za msituni usiku, wakiwa migongoni mwa mama zao, na hadi leo hawajapata kukaa juu ya jiwe wakatazama maji yakianguka bila hofu. Nendeni. Siandiki haya ili niwazuie.

Ila nimesikia pia jinsi mnavyopanga. Mmehesabu pikipiki na petroli, mmechangishana pesa za mchele na kuku, mmeshamchagua hata atakayebeba spika ya muziki. Wa kwenda kumsalimu chefu wa lokalite, yaani mkuu wa kijiji, hajatajwa. Kijiji mnakiona kama mahali pa kupitia, penye kivuli na mama wa kuwapikia. Hapo ndipo nina neno nanyi, na neno lenyewe ni moja: majini mtafika salama mkiwa mmepita kwanza kwa wenye maji.

Fikirieni kijiji cha nyumba thelathini kando ya Luama. Ni asubuhi. Wanaume wako kwenye mitego au shambani, mama wako kijitoni na mihogo yao, watoto wanafukuza ndege kwenye mpunga. Ghafla pikipiki kumi na tano zinaunguruma kutoka kilimani, kila moja imepakia vijana watatu, baadhi wana miwani myeusi na makoti ya rangi ya jeshi waliyoyanunua kwenye mitumba. Mnadhani mtapokewa kwa vigelegele? Mama ataliacha beseni pale pale majini, atamshika mtoto mkono, ataingia porini. Tangu mwaka 1996 watu wa vijiji hivi wamekimbia mara nyingi kwa sauti za namna hiyo, na miguu yao imezoea kuondoka kabla macho hayajaona ni nani anayekuja. Nyinyi mtafika, mtakuta moto unawaka na nyumba hazina watu, mtajipiga picha, na hamtajua kamwe kwamba mmewaharibia watu siku.

Jambo hili ni la zamani kuliko vita tulivyoviona sisi. Tarehe 21 Septemba 1869 msafiri David Livingstone alifika hapa kwetu Kabambare, mahali alipopaandika katika daftari lake kwa jina la Bambarre. Alikuwa anautafuta mto Lualaba. Tarehe 1 Novemba akaondoka kuelekea magharibi ili anunue mtumbwi. Aliifikia Luama si mbali na inapoingia Lualaba, mahali ambapo aliukadiria upana wa mto kuwa karibu mita 180, na kina chake kirefu. Hakuna aliyemvusha. Watu wa Dugumbe, mfanyabiashara wa pembe na watumwa, walikuwa wamepita katika vijiji vile kabla yake, wakapora na kuua, na sasa kila chifu aliombwa amnyime mgeni njia. Waliosema wazi kuliko wote ni wanawake. Mmoja aliambiwa amtazame vizuri huyu mzungu, aone kama rangi yake ni ya Dugumbe. Akacheka kwa uchungu, akajibu kwamba basi huyu atakuwa baba yake Dugumbe. Livingstone akageuza. Tarehe 19 Desemba alikuwa amerudi hapa mikono mitupu.

Mama yule simlaumu hata kidogo. Angejuaje? Mgeni mwenye nia njema na mgeni mwenye bunduki walikuja kwa njia moja, wakiwa na wapagazi wa namna moja, wakizungumza lugha moja. Na miezi kama ishirini baadaye ikaonekana alikuwa na haki ya kuogopa. Tarehe 15 Julai 1871, siku ya soko kule Nyangwe, watu wa Dugumbe walifyatua bunduki katikati ya umati ambao wengi wake walikuwa wanawake waliovuka Lualaba na samaki wao, chumvi yao na vyungu vyao. Wengi walijitupa mtoni, mitumbwi ikajaa na kupinduka, wakazama. Wafanyabiashara wenyewe walikadiria waliokufa kuwa kati ya 330 na 400. Livingstone alikuwapo, aliyaona kwa macho yake.

Baadhi yetu hapa ni vizazi vya waliokamatwa, wengine ni vizazi vya walioshika bunduki, na wengi, tukihesabu babu wa kuumeni na wa kukeni, ni vya pande zote mbili. Kiswahili hiki ninachowaandikia kilikuja na misafara ile. Mpunga wa Kasongo ulikuja nayo. Sitaki muone haya kwa hayo, kwa maana hamkuyafanya nyinyi. Nataka mjue tu kwamba kando ya mito hii mtu hupimwa kwa jinsi anavyoingia, na kumbukumbu ya waliotangulia hufika kijijini kabla yake.

Basi ingieni vizuri. Wiki moja kabla ya safari, tumeni wawili, mmoja awe mwenye ujomba au ukwe katika kijiji hicho. Waende siku ya soko, kwa miguu au kwa baiskeli, wabebe chumvi na sabuni. Wakae barazani kwa chefu wa lokalite waseme bila kuzungukazunguka: sisi ni vijana kadhaa, wavulana na wasichana, watoto wa fulani na fulani, tunaomba kuja siku fulani kuyaona maji, na kabla ya jioni tutakuwa tumeondoka. Kisha wanyamaze, wasikilize. Chefu akisema kuna matanga wiki hiyo, badilisheni siku. Akisema mahali fulani hapaendeki, msimwulize mara tatu kwa nini. Wazee wakimtaja mtu wa kuwaongoza, elewaneni bei yake pale pale barazani mbele ya watu wote, na siku ya safari mmlipe kwa noti ndogo, yeye mwenyewe mkononi. Nimeona kijiji kizima kikinuniana kwa miezi kwa sababu wageni walimpa pesa mtu mmoja gizani.

Siku yenyewe, zimeni pikipiki kabla ya nyumba ya kwanza, muingie mkizisukuma. Makoti ya rangi ya jeshi yabaki nyumbani, hata kofia. Spika nayo ibaki. Mnajua methali ya mgeni njoo mwenyeji apone. Mgeni huyo ni mmoja au wawili. Vijana arobaini na watano wenye njaa hawamponyi mtu. Mchele wenu, mafuta yenu ya mawese na makayabo yenu muwakabidhi mama wa pale, wapike pamoja na sombe yao, na mle wote sahani moja na watoto wa kijiji. Kuku mkipewa, pokeeni kwa mikono miwili. Mkinunua, msibishanie bei kama mko soko la Kasongo.

Mkishasalimiana, ndipo muulize habari za maji, na muulize yote. Wanachota wapi maji ya kunywa? Wanaume wanaoga wapi, wanawake wapi? Mihogo inalowekwa wapi? Hili la mwisho nalikazia, kwa sababu vijana wa mjini hawalioni. Kando ya kijito mtakuta kidimbwi kilichozungushiwa mawe, maji yake yametulia na yana harufu kali. Ndani yake mihogo imelala siku tatu au nne ili ilainike na sumu yake itoke, kisha itaanikwa na kutwangwa unga. Ni chakula cha nyumba moja kwa siku nyingi. Akitumbukia mmoja na viatu vyenye oili ya pikipiki, au mkafungua mawe ili mpige picha ya maji yakitiririka, jioni kuna watoto watakaolala na njaa, nanyi mko njiani mnaimba. Mitego ya samaki ni vivyo hivyo: msiiinue mkitazama kilichomo. Na pakiwa na jiwe au shimo la maji linaloheshimiwa kwa ajili ya mizimu, Mwislamu apite kimya na Mkristo apite kimya. Hakuna anayewaomba muamini. Mnaombwa msipige kelele nyumbani kwa watu.

Picha za watu ziombwe kwanza. Za daraja, za barieri zinazozuia njia na za askari msizipige kabisa. Simu zimechukuliwa kwa picha hizo, na vijana wamelazwa ndani.

Sasa maji yenyewe. Kuna mpiga kafi mmoja wa Luama ambaye nilipenda kumtazama akifanya kazi. Asubuhi, kabla hajamvusha mtu yeyote, alichoma kijiti chembamba mchangani, pale pale maji yanapoishia, kisha akaketi kushona wavu wake. Watu walidhani amepumzika. Kila baada ya muda alikitupia jicho kile kijiti. Siku moja mbingu ilikuwa nyeupe, hakuna wingu, akasimama akawaambia waliokuwa ng'ambo: vukeni sasa, au mlale huko. Maji yalikuwa yamepanda vidole viwili juu ya kijiti. Kabla ya alasiri mto ulikuwa mwekundu, unabeba magogo.

Luama inatoka kwenye milima ya mashariki, upande wa Fizi. Mvua ikinyesha kule, nyinyi huku mnaota jua, na maji yako njiani yanakuja. Katika vijito vyembamba vya vilimani huja haraka zaidi, kwa sababu bonde ni jembamba na maji hayana pa kutawanyika. Dalili zake zijueni nyote, msimwachie kiongozi peke yake: maji yaliyokuwa maangavu yanaanza kuchafuka, majani makavu na vijiti vinaelea vingi kuliko mwanzo, mlio wa maporomoko unakuwa mzito. Mkiona moja tu kati ya hizo, tokeni bondeni, pandeni juu. Viatu na simu vilivyobaki chini viacheni viende.

Ndiyo maana nawaambia mtazame miezi. Kwetu kusini mwa Maniema mvua hupungua sana kuanzia Juni hadi Agosti. Jumatatu ya Pasaka, ambayo vijana huipenda kwa matembezi, maji yamejaa na njia ni tope. Mwanzoni mwa Julai, shule zikishafungwa, ni salama zaidi. Kweli maporomoko yatakuwa membamba kuliko Aprili, na picha haitatisha sana. Afadhali hivyo.

Chini ya maporomoko mtaona povu jeupe, na joto la njia litawavuta mruke. Msiruke. Povu ni maji yaliyochanganyika na hewa, halimbebi mtu; hata anayejua kuogelea hupiga mikono lakini hapandi. Na maji yanayoanguka hugeuka chini, yakamrudisha mtu kule kule yanakopiga. Mawe ya pembeni yana utelezi wa kijani ambao kiatu kipya hakiuwezi. Maji usiyoyafika hujui wingi wake, kwa hiyo fuateni watoto wa kijiji: wanapoogelea wao, ogeleeni, mahali wanapokaa kando, kaeni kando. Mahali maji yanapotulia chini zaidi, ambapo kwa macho ndipo pazuri pa kuoga, ulizeni kwanza habari za mamba na viboko. Chukueni bidoni tupu la lita 20, kifuniko kimekazwa, limefungwa kamba ndefu mpini wake. Mtu akizidiwa, mrushieni bidoni, mumvute. Msimfuate majini. Ninawajua wazazi waliozika wawili kwa sababu wa pili alimpenda wa kwanza. Na pombe kali ya lotoko isiingie katika safari hii, hata chupa moja.

Kuna hatari nyingine ambazo hazina mlio. Inzi wadogo weusi wa usubi huzalia kwenye maji yaendayo kasi, yaani pale pale mnapokwenda, na kuumwa nao mara nyingi, mwaka hata mwaka, ndiko kunakoleta upofu ule tunaouona kwa wazee wa kando ya mito. Siku moja haitawapofusha, lakini vaeni mikono mirefu. Na wagawaji wa Mectizan, dawa ya ugonjwa huo, wakipita mtaani mwenu na kijiti chao cha kupimia urefu, msijifiche. Dawa ile hutolewa bure tangu mwaka 1987, na wapo wazee ambao wangeona leo kama ingewafikia mapema. Kichocho kiko pembeni, kwenye maji yaliyotulia yenye majani na konokono, na vijidudu vyake hutoka kwa wingi jua linapokuwa kali. Hivyo msikae mkitia miguu kwenye madimbwi ya pembeni mchana. Mbung'o nao wanapenda vivuli vya mtoni na huuma mchana. Mtu akipata homa isiyokwisha wiki kadhaa baadaye, na tezi zikavimba shingoni, aende akapimwe malale, na amwambie muuguzi alikotembea.

Viatu viwe vya kufungwa. Livingstone aliondoka tena hapa tarehe 26 Juni 1870, safari hii akiwa na watu watatu tu, Susi, Chuma na Gardner. Tope na miti iliyoanguka ilimchana miguu, vidonda vikaanza kula nyama, na tarehe 22 Julai alirudi akichechemea. Alikaa siku 80 ndani ya kibanda chake hapa hapa Kabambare, akijipaka unga wa jiwe la malakiti uliosagwa kwa maji. Mtu aliyekwisha kulikata bara hili kutoka pwani hadi pwani alizuiwa na miguu. Nanyi nasikia mnakwenda na kandambili.

Halafu mchague mahali pa karibu. Kuna aliyetaja Mlango wa Jehanamu, kule Lualaba inapobanwa kwenye mawe chini ya Kongolo. Hilo si jambo la siku moja kwa mtu wa Kabambare, wala kwa mtu wa Kasongo. Maji ya aina hiyo ndiyo yaliyowafanya Wabelgiji wajenge reli kutoka Kindu, ikafika Kongolo mwaka 1910, ili mizigo iuepuke mto. Huko mtakwenda mkiwa na siku nyingi. Safari ya siku moja inapimwa na jua, na jua letu halibadiliki sana: mwanga ni kama saa kumi na mbili, na kati ya hizo toeni moja ya asubuhi ya kukusanyana, maana sijawahi kuona vijana wakiondoka saa waliyopatana. Mkitumia saa tatu kwenda, tengeni nne za kurudi, kwa sababu miguu imechoka na pikipiki moja itapasua tairi. Zimebaki nne. Mbili ni za kijiji, na msizikate. Mbili ni za maji. Mkiona njia ya kwenda imekula zaidi ya saa tatu, geukeni hapo mlipo, mle wali wenu chini ya mti, mrudi nyumbani.

Kuhusu usalama sitasema mengi, mnaishi hapa. Machafuko yaliyopita Salamabila na Wamaza mnayajua. Habari za njia msiziulize kwa mwenye pikipiki anayetaka pesa ya safari. Waulizeni mama waliotoka huko na mizigo kichwani jana yake. Wao wanajua ni barieri gani imeongezeka na ni msitu gani umenyamaza. Wakisema njia imefungwa, imefungwa, hata kama mmeshachinja kuku.

Andikeni majina yenu kwenye karatasi mbili. Moja abaki nayo chefu wa kijiji mnachokwenda, nyingine muilete kwangu au kwa mzazi mmoja mtakayemchagua, ikiwa na njia mtakayopita na saa ya kurudi. Mtandao wa simu huko haukamatiki, kwa hiyo hatutangoja mlio wa simu. Tupatane sasa: jua likizama nanyi hamjaonekana, wanaume wanne wataondoka na taa kufuata njia ile ile mliyoiandika, na msiiache hata kama mtaona ya mkato.